Mwana wa Nahodha: Malezi Chini ya Kivuli cha Jina Kubwa

Kiangazi cha mwaka 1945, mizinga ya vita ikiwa imenyamaza Ulaya, baba mmoja Mfaransa alirejea nyumbani, kwenye pwani ya kusini ya nchi yake, akiwa na zawadi kwa wanawe wawili. Haikuwa mipira wala magari ya bati. Ilikuwa mitungi midogo miwili ya hewa, iliyotengenezwa kwa kipimo cha migongo ya watoto, ili kuwawezesha kupumua chini ya maji. Mkubwa, Jean-Michel, alikuwa na umri wa miaka saba. Mdogo, Philippe, alikuwa hajatimiza mitano, na kuogelea kwenyewe alikuwa hajakujua barabara.

Baba aliwavisha mitungi ile, akawatia baharini, naye akazama pamoja nao. Watoto walipofumbua macho na kuona viumbe vya rangi kila upande, walifanya jambo ambalo mtoto yeyote angelifanya: walipiga kelele za furaha. Kila mmoja alitaka kumwonyesha mwenziwe alichokiona. Vinywa vilipofunguka, vipumulio vikachomoka na maji ya chumvi yakaingia. Ikawa kazi ya baba kumkimbilia huyu, kisha yule, akiwarudishia vipumulio midomoni. Walipotoka majini aliwaasa kwamba chini ya bahari ni mahali pa kimya, na mtoto anayekwenda huko hana budi kufunga kinywa chake. Iliwabidi kuzama mara kadhaa kabla funzo hilo halijawaingia.

Baba huyo alikuwa Jacques-Yves Cousteau, mtu ambaye baadaye alijulikana duniani kote kwa kofia yake nyekundu ya sufu na kwa meli yake Calypso. Mengi yameandikwa juu yake na juu ya bahari alizozipeleleza. Makala haya hayakusudii kuyarudia yote. Shabaha yetu ni kuwatazama wale watoto wawili. Je, mtu hukuaje akiwa mwana wa baba ambaye ulimwengu mzima unamwita wake?

BABA NA BAHARI

Jacques Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni, 1910, katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, magharibi ya Ufaransa. Yeye mwenyewe alilelewa katika nyumba isiyotulia. Baba yake, Daniel, alikuwa mwandishi na mshauri wa matajiri wa Kimarekani, na kazi hiyo ilimlazimu kuwafuata waajiri wake kila walikokwenda, leo Paris, kesho New York. Kijana Jacques alihamahama pamoja na jamaa yake, kisha akapelekwa katika shule ya bweni yenye nidhamu kali huko Alsace. Inafaa tulikumbuke jambo hili, kwa maana tutakutana nalo tena.

Alijiunga na chuo cha jeshi la maji mwaka 1930, akitumaini kuwa rubani wa ndege. Mwaka 1936 ajali ya gari ilimvunja mikono, na ndoto ya urubani ikafutika. Aliogelea kila siku katika bahari ya Mediterania ili mikono ipate nguvu, na mwaka huo huo rafiki yake mmoja wa jeshini akampa miwani ya kuzamia. Alipoinamisha uso majini na kuona dunia iliyo chini yake, mkondo wa maisha yake uligeuka.

Mwaka 1937 alimwoa Simone Melchior, binti wa ukoo wa mabaharia. Baba yake Simone, aliyekuwa mwanajeshi wa majini, alifanya kazi katika kampuni kubwa ya gesi ya Ufaransa, na kwa njia hiyo mkwe wake alikutana na mhandisi Émile Gagnan. Wakati huo wa vita petroli ilikuwa adimu, na Gagnan alikuwa ametengeneza kifaa cha kurekebisha mwendo wa gesi katika injini za magari. Mwaka 1943 wawili hao walikigeuza kifaa hicho kikawa cha kumpa mzamiaji hewa kiasi anachohitaji kila anapovuta pumzi. Mpaka wakati huo, mpiga mbizi wa kazi nzito alishuka akiwa amevaa kofia ya chuma na kufungwa kwa bomba la hewa lililotoka juu. Tangu siku hiyo aliweza kuogelea huru kama samaki. Miaka miwili baadaye chombo hicho ndicho kilichowekwa migongoni mwa watoto wawili.

NYUMBA INAYOELEA

Mwaka 1950 tajiri mmoja wa Kiingereza, Loel Guinness, aliinunua meli ya mbao iliyokuwa imeundwa Marekani wakati wa vita kwa ajili ya kuondoa mabomu ya baharini, na ambayo baada ya vita ilikuwa ikivusha abiria kati ya visiwa vya Malta na Gozo. Akamkodisha Cousteau kwa faranga moja tu kwa mwaka. Hiyo ndiyo Calypso.

Kupewa meli ni jambo moja, na kuiendesha ni jambo lingine. Serikali na wafadhili walisitasita. Aliyekata shauri alikuwa Simone. Aliuza vito vyake vya urithi ili kupata fedha za mafuta, na koti lake la manyoya likageuka kuwa dira na vyombo vya kuongozea. Kisha akahamia melini. Kwa karibu miaka arobaini Simone alikaa ndani ya Calypso muda mrefu kuliko nahodha mwenyewe. Mabaharia wapatao thelathini walimwita Mchungaji, kwa kuwa aliwalisha, aliwauguza na kuwasuluhisha. Alijifunza kuzamia tangu siku za mwanzo kabisa, na anahesabiwa kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza duniani kuutumia mtungi ule wa hewa. Hata hivyo, katika filamu zilizompa mumewe sifa, sura yake huonekana kwa nadra sana. Hakupenda kamera.

Basi, ndugu msomaji, tazama hesabu ya nyumba hii. Baba yuko baharini. Mama yuko baharini. Calypso ilipong'oa nanga mwezi Novemba 1951 kwenda Bahari ya Shamu kwa safari yake kubwa ya kwanza ya utafiti, Jean-Michel alikuwa na miaka kumi na mitatu, na Philippe alikuwa anakaribia kumi na mmoja. Watoto walikuwa katika shule za bweni. Yale yaliyompata baba utotoni sasa yaliwapata wana.

Likizo zilipofika mlango ulifunguka. Watoto waliingia melini, wakapewa kazi kama mabaharia wengine, wakalala palipopatikana, wakala na watu wazima waliokuwa wakizungumza juu ya papa na merikebu zilizozama. Mtoto gani asingewaonea wivu? Lakini likizo huisha. Mtoto aliyerudi bwenini alirudi na hadithi za kuwasimulia wenziwe mwezi mzima, na wakati huo huo hakuwa na mtu wa kumwendea jioni anapoumwa na kichwa. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, na yeyote atakayeandika juu ya watoto wa watu mashuhuri akalitaja moja na kuliacha la pili, atakuwa amesema nusu ya kweli.

Mwaka 1956 filamu ya Cousteau, Ulimwengu wa Kimya, aliyoitengeneza pamoja na kijana Louis Malle, ilishinda tuzo kuu katika tamasha la Cannes, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa katika Bahari ya Hindi, kwenye kisiwa cha Assumption kilicho upande wa Aldabra, ambako kwa hesabu ya mabaharia si mbali sana na pwani yetu. Ndani yake mna jambo ambalo leo linashtua: wapelelezi hao walilipua mwamba kwa baruti ili kuhesabu samaki waliokuwapo, na mabaharia wenye hasira waliwaua papa. Sisi ambao tumeona uvuvi wa baruti ukiyavunja matumbawe ya pwani yetu tunajua vizuri maana ya mlipuko ule. Baadaye Cousteau alibadilika, akawa mtetezi mkubwa wa bahari. Mwaka 1960 alipinga hadharani mpango wa kutupa takataka za nyuklia katika Mediterania, na mwaka 1973 akaanzisha chama cha kuhifadhi bahari. Wanawe walikua katikati ya mageuzi hayo. Walimwona baba akifanya, kisha wakamwona akitambua kwamba alichofanya kilikuwa kosa. Pengine hilo ni katika mafunzo bora aliyowaachia.

MWANA WA MHUNZI

Wazee wetu walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Katika karakana ya Cousteau, kila mwana alishika chombo chake.

Jean-Michel alitaka kujenga miji chini ya bahari. Tusimcheke. Alipokuwa kijana jambo hilo halikuwa ndoto ya mchana. Mwaka 1962 baba yake alikuwa amewaweka watu wawili ndani ya nyumba ya chuma chini ya maji, karibu na Marseille, kwa muda wa juma moja. Mwaka 1963 alijenga kijiji kidogo chini ya Bahari ya Shamu, kwenye mwamba wa Sha'ab Rumi katika pwani ya Sudani, na watu wakaishi humo mwezi mzima, mita kumi chini ya mawimbi. Jean-Michel akasomea usanifu wa majengo mjini Paris, akahitimu mwaka 1964. Lakini miji ya baharini haikuja. Msanifu huyo alijikuta akifanya mengi ambayo hayaonekani katika filamu: kupanga safari, kutayarisha maonyesho, kuhakikisha kwamba watu na mizigo vinafika mahali pake kwa wakati wake. Yeye ndiye aliyevukuta.

Philippe alisana. Mwaka 1965 alikuwa mmoja wa watu sita walioishi majuma matatu katika nyumba ya tatu ya baba yake chini ya bahari, safari hii kwenye kina cha mita 100, karibu na Cap Ferrat. Alishika kamera, akawa mpigapicha hodari wa chini ya maji. Aliandika pamoja na baba yake kitabu juu ya papa, kilichotoka mwaka 1970. Tena alijifunza kurusha ndege, yaani alikamilisha ile ndoto ambayo ajali ya mwaka 1936 ilimnyang'anya baba. Mfululizo wa filamu za Cousteau ulipoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1968, mamilioni ya watazamaji walimwona kijana huyo mrefu, mwembamba, mwenye sura ya baba yake, wakasema huyu ndiye mrithi.

Lakini hata mrithi alikuwa na moyo wake. Mwaka 1967 alimwoa msichana wa Kimarekani, Janice Sullivan, na wazazi hawakuridhia. Kwa muda alijitenga na kazi ya baba, akatengeneza filamu zake mwenyewe. Kisha akarudi, na katika safari ya ncha ya kusini ya dunia, mwaka 1972 hadi 1973, alipanda puto juu ya barafu za Antaktika akapiga picha ambazo baba, chini kule, asingeweza kuzipata. Filamu ya safari hiyo, iliyotoka mwaka 1976, ina majina ya wote wawili.

Tarehe 28 Juni, 1979, Philippe alikuwa akiijaribu ndege ya chama chao, ndege ya aina ya Catalina inayoweza kutua majini, katika mto Tagus karibu na Lisbon. Ndege ilipogusa maji ilipinduka na kuvunjika. Philippe alifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Nyumbani aliacha mtoto wa kike, Alexandra, na mke mjamzito. Mwana wa kiume alizaliwa Januari 1980, akapewa jina la baba ambaye hakupata kumwona.

MWITO WA BABA

Cousteau alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa. Kifo hicho kilimpiga pigo ambalo watu waliomjua wanasema hakupona kabisa. Alimgeukia mwana aliyebaki.

Hebu tujiweke mahali pa Jean-Michel. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mtu mzima mwenye mke, watoto na kazi yake. Miaka mingi alikuwa ameonekana kama mtu wa pili. Sasa aliitwa kukalia kiti cha marehemu mdogo wake. Katika mila za mahali pengi hapa kwetu, mwito kama huo haukataliwi. Naye hakuukataa. Kwa muda wa miaka ipatayo kumi na minne alifanya kazi bega kwa bega na baba. Walikwenda pamoja katika mto Amazon, mwaka 1982 na 1983, katika safari iliyokuwa kubwa kuliko zote walizopata kufanya katika mito. Alisimamia ofisi, fedha, filamu na watu. Baba alibaki kuwa sura na sauti.

Kufanya kazi chini ya baba ni jambo ambalo mafundi wengi miongoni mwa wasomaji wetu wanalifahamu. Ukikosea, unakaripiwa mara mbili, kama mfanyakazi na kama mtoto. Ukifaulu, watu husema ni damu ya mzee. Na mzee mwenyewe, hata akichoka, hupata taabu kuuacha usukani. Fahari wawili hawakai zizi moja.

Mwezi Desemba 1990 Simone alifariki dunia kwa ugonjwa wa saratani, na majivu yake yakatawanywa baharini karibu na Monako. Yule aliyeunganisha pande zote za ukoo alikuwa ameondoka. Katikati ya mwaka uliofuata, Cousteau alimwoa Francine Triplet, ambaye tayari alikuwa amezaa naye watoto wawili, Diane na Pierre-Yves, Simone angali hai. Jean-Michel alijua akiwa mtu wa umri wa zaidi ya miaka hamsini kwamba alikuwa na ndugu wengine wawili. Hatuandiki haya kwa ajili ya kuchimbua makaburi. Mambo hayo yalikwisha kuwa ya hadhara, na bila kuyataja hayaeleweki yaliyofuata.

Miaka miwili hivi baadaye Jean-Michel aliondoka katika chama cha baba yake. Kisha likaja la kusikitisha zaidi. Alikuwa ametoa jina lake kwa hoteli moja huko Fiji, na baba akaenda mahakamani kulipinga. Shauri hilo lilimalizika mwaka 1996. Ilikubaliwa kwamba hoteli itumie jina la kwanza na la ukoo kwa pamoja, ili watu wasidhani kuwa ni biashara ya baba.

Tuitafakari habari hiyo taratibu. Hapa hapakuwa na ugomvi wa shamba wala nyumba. Shauri lilikuwa juu ya jina. Mtoto hulipewa jina la ukoo siku anapozaliwa, hulibeba shuleni, huulizwa juu yake na kila anayekutana naye, hulifanyia kazi miaka kumi na minne. Halafu siku moja huambiwa mbele ya hakimu kwamba jina hilo lina mwenyewe. Baba naye alikuwa na hoja yake: jina hilo lilikuwa dhamana ya chama kisichotafuta faida, na watu wengi walikichangia kwa kuliamini. Wote wawili walikuwa na haki kiasi chao. Ndiyo maana jambo lenyewe linauma.

Januari 1996 Calypso iligongwa na tishari katika bandari ya Singapore, ikazama. Iliopolewa, lakini haikusafiri tena na nahodha wake. Tarehe 25 Juni, 1997, Jacques Cousteau aliaga dunia mjini Paris akiwa na umri wa miaka themanini na saba. Misa yake ilisomwa katika kanisa kuu la Notre-Dame, na rais wa nchi alihudhuria. Alizikwa katika mji ule mdogo alikozaliwa.

MLANGO MWINGINE

Ingekuwa si haki kudhani kwamba kila mwana wa mpelelezi wa bahari hupita njia hiyo hiyo ya miiba. Uswisi ina mfano mwingine. Profesa Auguste Piccard alianza kwa kupaa angani kwa puto, kisha akabuni chombo cha kushuka kwenye vilindi vya bahari. Mwanawe Jacques, aliyezaliwa mwaka 1922, hakuanza kwa kumfuata. Alisomea uchumi. Elimu hiyo ndiyo iliyomwezesha kumsaidia mzee kwa namna ambayo mzee mwenyewe asingeweza, kwani yeye ndiye aliyeushawishi mji wa Trieste, Italia, kusaidia ujenzi wa chombo kipya. Mwaka 1953 baba na mwana walishuka pamoja ndani ya Trieste hadi kina cha zaidi ya mita 3,000. Na tarehe 23 Januari, 1960, Jacques Piccard na mwanajeshi wa majini wa Marekani, Don Walsh, walifika chini kabisa kwenye shimo la Mariana katika bahari ya Pasifiki, karibu mita 11,000. Baba yake, mwenye umri wa miaka sabini na mitano, alikuwa hai akazisikia habari hizo.

Mjukuu, Bertrand, akawa daktari wa magonjwa ya akili. Kisha mwaka 1999, pamoja na Brian Jones, akaizunguka dunia kwa puto bila kutua. Katika ukoo huu kila kizazi kiliingia kwa mlango wake, na waliporithishana, walirithishana ujasiri wa kujaribu. Kiti hakikuwa kimoja cha kugombewa.

Na tukirudi kwa Jean-Michel, yeye pia hatimaye aliupata mlango wake. Mwaka 1999 alianzisha chama chake mwenyewe cha kuhifadhi bahari. Mwaka 2006 alimwonyesha Rais George W. Bush filamu yake juu ya visiwa vya mbali vya kaskazini-magharibi ya Hawaii. Miezi michache baadaye rais huyo alitangaza eneo la bahari lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 360,000 kuwa hifadhi, mojawapo ya hifadhi kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Hapo hakuna aliyesema ni kazi ya mzee. Hata hivyo alipoandika kitabu cha maisha yake pamoja na baba, alikiita kwa jina ambalo mabaharia wote wa Calypso walimwitia mzee huyo: baba yangu, nahodha.

Wajukuu nao wamefuata mkondo. Alexandra na yule mdogo aliyezaliwa baada ya msiba wamekuwa watetezi wa maji na bahari. Fabien, mwana wa Jean-Michel, aliingia mwezi Juni 2014 katika nyumba ya utafiti iliyo chini ya bahari huko Florida, akakaa humo siku 31. Babu yake alikuwa amewaweka watu siku 30 katika Bahari ya Shamu. Mjukuu aliongeza moja.

SISI NA WATOTO WETU

Msomaji anaweza kuuliza: haya ya matajiri wa Ulaya na meli zao yanatuhusu nini sisi tunaongoja basi alfajiri? Yanatuhusu. Dereva wa lori la masafa marefu ana Calypso yake. Baharia, mfanyakazi wa reli, muuguzi wa zamu ya usiku, mwalimu anayewafundisha watoto wa watu mpaka jioni, wote hawa wanaitoa nguvu yao kwa ajili ya wengine, na watoto wao hupata kinachobaki. Kazi hizo ni za lazima na ni za heshima. Hakuna anayesema Cousteau angebaki nyumbani. Bahari ingekosa msemaji, nasi tungekosa kuijua.

Lakini yapo mambo mawili ambayo nadhani tunaweza kuyachukua. La kwanza ni kwamba mtoto huyasamehe mengi akishirikishwa. Wana wa Cousteau hawakukumbuka tu siku ambazo baba hakuwapo. Walikumbuka pia siku aliyowavisha mitungi akaingia nao majini. Saa moja ya kumpeleka mtoto karakanani, kumwonyesha injini, kumweleza kwa nini baba hurudi na mikono myeusi, huweza kukaa moyoni mwake miaka sitini.

La pili ni gumu zaidi. Mzazi aliyefaulu hupenda mwanawe aendeleze alichokianza, na si vibaya. Hatari huja pale anapomtaka akalie kiti huku mwenyewe hajanyanyuka, au akalie kiti cha ndugu yake aliyefariki. Mtoto si kipuri. Mpe kazi, mpe jina, halafu umwachie usukani angali na nguvu za kuushika, nawe ungali na macho ya kumtazama akienda.

Katika kiangazi kile cha mwaka 1945 Jacques Cousteau aliwafundisha wanawe kufunga vinywa chini ya maji, na alifanya vema, maana bila hivyo wangezama. Ila juu ya nchi kavu mambo ni kinyume. Huko mtoto huhitaji kusema, na baba huhitaji kuwapo ili amsikie.